Safari ya Kisii na Nyamira: Usiidharau ngozi ya ngege

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Narok, utapita Bomet na Sotik kabla ya kuingia Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Nyamira na Kisii. Kuanzia hapo sahau tambarare. Ni vilima juu ya vilima, majani chai yamefunika miteremko, migomba imezunguka kila boma, na hewa ni baridi hata saa sita za mchana.

Kaunti hizi mbili hazipakani na ziwa wala bahari. Hata hivyo, samaki hapa si mgeni. Mto Gucha huanzia katika milima ya Kiabonyoru huko Nyamira, ukapita Kisii na hatimaye kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Maji yanaposhuka, samaki nao hupanda kwa magari kutoka Kendu Bay na Homa Bay. Fika soko la Daraja Mbili mjini Kisii ujionee mwenyewe: ngege waliokaangwa, mbuta waliokatwa vipande, omena waliopimwa kwa mikebe, na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kuondoa mnofu.

Wengine hufugwa papa hapa. Mnamo 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 nchini, na wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wakaingia katika ufugaji huo. Nje kidogo ya mji wa Kisii, huko Kegati, kuna kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki kilicho chini ya taasisi ya KMFRI.

Sasa, msomaji, inama kidogo utazame chini ya meza ya muuzaji. Utaona magamba, mapezi na vipande vya ngozi vinavyosubiri kutupwa au kuliwa na paka. Mnofu wa ngege ni kama theluthi moja tu ya uzito wake. Hayo mengine tunayaita takataka, ilhali ndani yake mna kitu ambacho madaktari wa nchi za mbali wanakisaka kwa udi na uvumba. Kitu hicho ni kolajeni.

Kolajeni ni aina ya protini, nayo ndiyo kamba inayoushikilia mwili wako. Imo katika ngozi, mifupa, kano na mishipa ya damu. Ukijikata kisu jikoni, mwili hufuma kolajeni mpya ili kuziba kidonda. Ukitaka kuiona, chemsha vichwa na ngozi za samaki jioni, kisha uache mchuzi ulale katika baridi ya Nyamira. Asubuhi utaukuta umeganda na kutetemeka kama jeli. Hiyo ni kolajeni iliyogeuka kuwa jelatini.

Huko Fortaleza, nchini Brazil, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ceará walianza katikati ya miaka ya 2010 kutibu watu walioungua kwa kutumia ngozi ya ngege. Ngozi hiyo husafishwa, hutiwa dawa za kuua viini na gliserini, kisha hupigwa miale. Ikibandikwa juu ya kidonda, hushikamana nacho na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Kwa kuwa haibanduliwi kila siku kama bandeji, mgonjwa huepushwa na maumivu mengi. Ajabu ni kwamba samaki huyo alitoka kwetu Afrika. Alipelekwa Brazil mwaka wa 1971 kutoka Ivory Coast.

Kule Iceland nako, kampuni ya Kerecis hutumia ngozi ya samaki wa bahari baridi aitwaye kodi kutibu vidonda sugu, vikiwemo vya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Marekani iliidhinisha bidhaa hiyo mwaka wa 2013. Miaka kumi baadaye, kampuni ya Coloplast ya Denmark ilikubali kuinunua Kerecis kwa bei inayoweza kufikia dola bilioni 1.3. Mali hiyo yote ilitokana na ngozi ya samaki!

Lakini ngoja kwanza, mama na baba. Mtoto akimwagikiwa na chai moto, usikimbilie ndoo ya samaki. Ngozi mbichi ya sokoni imejaa viini na inaweza kuozesha kidonda. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai wala unga. Mwagia sehemu iliyoungua maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ifunike kwa kitambaa safi, kisha mpeleke hospitalini. Ngozi ya Brazil huponya kwa sababu imepitia maabara.

Kuna pia unga wa kolajeni ya samaki unaouzwa kwa bei ghali katika maduka ya mijini, ukisifiwa kuwa huondoa makunyanzi na maumivu ya viungo. Kabla ya kufungua kibeti, jua kwamba tumbo huisaga kolajeni kama protini nyingine yoyote; haiendi moja kwa moja usoni. Zipo tafiti zilizoonyesha manufaa kiasi kwa ngozi, lakini nyingi zimegharamiwa na watengenezaji wenyewe. Isitoshe, kolajeni pekee si protini kamili. Omena wanaoliwa wazima ni protini kamili, na juu ya hayo wana madini ya kujenga mifupa.

Abagusii walijua vidonda tangu zamani. Waganga wao, ababari, walisifika kwa kupasua kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeumia, na wagonjwa wengi wakapona. Mwili ndio uliojiunga wenyewe, na ili uifume kolajeni yake unahitaji vitamini C. Mtu akiikosa kwa miezi kadhaa, ufizi huvuja damu na hata makovu ya zamani hufunguka. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye.

Basi ukiwa Daraja Mbili, nunua ngege mzima na umle pamoja na ngozi yake. Ongeza fungu la chinsaga, ila usiichemshe hadi vitamini iishe, na umalizie kwa mapera, ambayo yana vitamini C kuliko machungwa. Hicho ni chakula ambacho familia ya kawaida inaweza kukimudu.

Na kwa wanafunzi mnaosoma ukurasa huu: wagonjwa wa kuungua tunao na ngege tunao, wa ziwani na wa vidimbwini. Kazi ya kuwakutanisha kwa njia salama inamsubiri daktari au mkemia ambaye huenda leo yuko kidato cha pili. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tusije tukanunua kwa dola kesho ngozi tunayoitupa leo.