Roadster ya Mazda na Programu Isiyo na Uzito

Leo naweka kando simu na tarakilishi nizungumzie gari. Tena si gari la kubebea magunia wala la kupelekea watoto shule. Ni Mazda MX-5, lile la viti viwili na paa la turubai, ambalo Wajapani huliita Roadster. Riziki yangu ni kuandika programu, na sijaona gari jingine linalonionyesha uzuri na ubaya wa kazi hii kama hili.

Historia kwa ufupi. Lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989. Waingereza walikuwa wameunda magari madogo ya wazi kwa miaka mingi (Lotus Elan ya 1962 ndiyo inayotajwa sana), matamu kuendesha lakini yenye sifa ya kuvuja mafuta na kulala njiani. Mazda ikachukua wazo lile lile ikaliunda Kijapani: ukiwasha, linawaka. Injini ya lita 1.6, nguvu za farasi kama 115. Si nyingi hata kidogo! Ile Probox inayokupita barabarani ikiwa imejaa mizigo haiko mbali na hapo. Lakini watu walilipenda, na Aprili 2016 gari la milioni moja likatoka kiwandani.

Siri yake ni uzito. Kizazi cha nne kilichokuja 2015, kile chepesi zaidi kilichouzwa Japani, kilikuwa na kilo 990 tu. Injini imesogezwa nyuma ya magurudumu ya mbele ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu. Gia na difu zimeunganishwa kwa fremu ndefu ya alumini, kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari linaitika hapo hapo. Paa unalifungua kwa mkono ukiwa umekaa kitini. Hakuna mota, maana mota nayo ni kilo.

Sasa usalama, na hapa ndipo wengi huuliza: gari lisilo na paa likipinduka je? Swali zuri. Nguzo za kioo cha mbele zimeimarishwa, na nyuma ya viti kuna mihimili ya chuma. Mifuko ya hewa ya pembeni haiwezi kushuka kutoka juu kama kwenye saluni, kwa hiyo imefichwa ubavuni mwa viti na inapanda hadi kichwani. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni boneti. Kwa kuwa iko chini sana, mtu anayegongwa angejipiga kichwa kwenye injini iliyo karibu na bati. Basi sensa za bampa zikihisi mguu wa mtu, baruti ndogo hulipuka na kuinua boneti upande wa nyuma ili bati lipate nafasi ya kubonyea. Yote hayo kabla kichwa hakijafika! Euro NCAP walilijaribu mwaka 2015 wakalipa nyota 4 kati ya 5. Kwenye kuwalinda waendao kwa miguu lilipata asilimia 93. Lililolivuta chini ni vifaa vya kumsaidia dereva, maana wakati huo halikuwa na breki za kujifunga zenyewe. Baadaye Mazda wakaziongeza.

Sasa nifike kwenye programu yenyewe. Kwa modeli za 2022 Mazda walileta kitu walichokiita Kinematic Posture Control. Ukikata kona kwa kasi, gari hulala upande wa nje na gurudumu la nyuma la ndani hutaka kuinuka. Sensa za mwendo wa magurudumu, ambazo tayari zipo kwa ajili ya breki za ABS, huona tofauti ya mwendo kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Programu hukanyaga breki ya lile la ndani kidogo sana, na jinsi mikono ya suspensheni ilivyopangwa, nguvu hiyo ya breki huvuta bodi chini. Gari linatulia. Hakuna kipuri kilichoongezwa, hata gramu moja! Wahandisi waliokuwa wakipunguza uzito gramu kwa gramu wamepata wanachotaka kwa mistari ya msimbo. Nilipolisoma hilo nilijivuna kana kwamba niliuandika mimi.

Lakini programu ina deni lake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155 inadai gari lilindwe dhidi ya wadukuzi, na tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya unaidai kwa kila gari jipya. Porsche 718 Boxster, nalo roadster ya viti viwili, liliondolewa kwenye soko hilo kwa sababu mfumo wake wa umeme ulikuwa wa zamani kuliko kanuni. Injini haikuwa na kosa. Mazda, kwa upande wao, walibadilisha mfumo wa umeme wa Roadster kwenye toleo la mwisho wa 2023 ili likubalike. Yaani gari lililopendwa kwa sababu ya urahisi wake sasa linaishi au kufa kwa kompyuta zake. Hilo linanitia wasiwasi kuliko habari za kupinduka.

Rafiki yangu mmoja wa kazini anataka kuagiza moja kutoka Japani. Ana watoto wawili, kwa hiyo hesabu ya viti haihitaji programu. Buti ni lita 130, mikoba miwili midogo na basi. Usukani uko kulia, hapo sawa, na sheria ya Kenya ya miaka minane ina maana yale ya zamani yenye taa za kuchomoza asahau. Nimemwambia atafute la 2022 kwenda mbele, na aulize kama ile boneti imewahi kulipuka, kwa sababu kuirudishia vipuri vyake si kazi ya fundi wa kando ya barabara. Yeye ameniuliza kama linavuka matuta ya mtaani kwao. Likiwa na mtu mmoja, polepole, nadhani litavuka.