Nyumba Iliyofuata Gari

Jamaa zetu wa Lamu na Mombasa walipoiona picha ya Mama ameketi mlangoni mwa kijumba cheupe chenye magurudumu, walituuliza kama tumehama. Hatukuhama. Tulikuwa Florida, kusini mwa Marekani, na kijumba hicho ni trela la kulala tulilolivuta kwa gari kutoka mjini kwetu Columbus, katika jimbo la Ohio, mwendo wa kilomita zipatazo 1,450. Kwa kuwa maswali yamekuwa mengi, na kwa kuwa safari hiyo ndiyo iliyolimaliza shauri lililotushinda kwa miaka miwili, tumeona heri tuieleze hapa.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Mama, ambaye ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, alikuja kuishi nasi baada ya kufiwa na Baba. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hana tabu: hutembea hadi bustanini kwa bakora yake, huamkiana na majirani, huwasomesha wajukuu juzuu. Theluji ikianza kuanguka hufungwa. Njia ya mlangoni hugeuka barafu tupu, na kwa mtu wa umri wake kuteleza mara moja ni kuvunjika nyonga. Basi kutoka Desemba hadi Machi hukaa dirishani, jua likizama saa kumi na moja na ushei, na mwaka hata mwaka tuliona maneno yake yanapungua. Ndugu zetu walisema arudishwe Lamu. Wajukuu walisema asirudi. Mwenyewe akiulizwa hujibu, "Mtakavyoona, wanangu," jawabu ambalo kila aliyelelewa na mama wa Kiamu anajua kwamba si jawabu.

Tukaazimia angalau kumtoa kwenye baridi wakati wa likizo ya shule, ya wiki mbili mwishoni mwa Desemba. Hoteli hazimfai. Hali nyama asiyojua ilivyochinjwa, na hapati usingizi katika chumba ambacho hawezi kujichemshia kahawa usiku wa manane. Trela lina jiko, jokofu, choo na vitanda, na mwenye nyumba hubaki mwenye nyumba hata akilala ugenini. Tukanunua moja lililotumika, la mita sita. Huku si jambo la ajabu. Wako wazee maelfu, wa Marekani na wa Kanada, ambao hufunga nyumba zao za kaskazini mwezi wa Novemba, wakavuta matrela yao hadi Florida, Texas au Arizona, na hawarudi mpaka Aprili. Wenyeji huwaita ndege wa theluji.

Kulivuta trela ni elimu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni uzito. Trela letu likishapakiwa lina kilo 2,300 hivi. Kati ya uzito huo, sehemu kumi hadi kumi na tano kwa mia lazima ziegemee kwenye kiungo kinacholishika gari; kwa letu ni kati ya kilo 230 na 345. Uzito ukipungua mbele na kuzidi nyuma, trela huanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu za kuliburuta gari lenyewe nje ya barabara. Ndiyo maana mzigo mzito huwekwa mbele ya ekseli, chini, tena katikati.

Tulikuwa tukiwaeleza watoto haya uani, kijana wetu mkubwa akifunga baiskeli tatu nyuma kabisa ya trela, Mama akitusikiliza kutoka kizingitini, amejifunika blanketi juu ya buibui. Akauliza, "Hiyo ndiyo tezi yake?" Tukasema ndiyo. "Na hizo baiskeli mnazitundika tezi?" Mama ni binti wa nahodha, babake aliendesha majahazi ya boriti kati ya Lamu na Mombasa. Akatwambia kwamba chombo kilicholemewa tezi hukataa usukani, na kwamba farumi haipangwi na mtu mwenye haraka. Akaomba kiti. Kwa saa mbili nzima, katika baridi ambayo kwa kawaida isingemtoa hata kitandani, aliketi mlangoni akiamrisha: gunia la mchele hapa, madumu ya maji pale, sufuria chini, nguo juu. Baiskeli zikahamishiwa kwenye kichanja cha pikapu. Tulipofika kwenye mizani ya malori kandokando ya barabara kuu, kiungo kilikuwa kimebeba kilo 280. Hatukuongeza wala kupunguza kitu.

Mengine ya ufungaji tuyapite upesi: minyororo miwili inayopishana chini ya kiungo; waya mwembamba unaozifunga breki za trela zenyewe endapo kiungo kitaachana na gari; nati za magurudumu za kukazwa tena baada ya kilomita 80 za mwanzo; na mwendo, kwani matairi mengi ya matrela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105. Sisi tulibaki kwenye 90. Wala haketi mtu ndani ya trela likiwa barabarani, hata akiwa bibi mwenye kutaka kujinyoosha mgongo.

Jambo moja la baridi linafaa kuelezwa, maana huko kwetu halijulikani. Maji yakiganda hutanuka, nayo mabomba hupasuka. Kwa hiyo trela hutoka Ohio mabomba yake yakiwa hayana maji, yamejazwa dawa ya rangi ya waridi isiyoganda. Siku mbili za kwanza mtu ana bomba lakini hana maji. Hupikia na kutawadhia maji ya madumu. Mama hakuona ugeni. Alitawadha kwa kibirika chake kama alivyotawadha utotoni kwa maji ya kisimani, na akawashangaa wajukuu waliodhani maji huzaliwa ukutani.

Tulishika barabara ya 33 hadi mto Ohio, tukavuka kuingia West Virginia na kuikuta I-77. Huko ni milima mitupu. Pana mahandaki mawili, na la kwanza, chini ya mlima East River, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu: unaingia ukiwa West Virginia, unatoka ukiwa Virginia. Watoto walishangilia. Tukalala karibu na Wytheville, nje barafu, ndani hita ya gesi ikinguruma, Mama akikaanga mahamri saa kumi na moja alfajiri kana kwamba yuko Langoni.

Kusini ya Wytheville ndiko penye hofu. Barabara hufuata migongo ya Blue Ridge, kisha mahali paitwapo Fancy Gap huporomoka kuelekea North Carolina. Pana ukungu na pana upepo wa ubavuni. Mwezi wa Machi 2013 magari 95 yaligongana hapo ndani ya ukungu, na watu watatu wakafa. Tulipofika asubuhi ile ukungu ulikuwa mwepesi, lakini upepo ulikuwapo. Mmoja wetu alikuwa usukanini, mwingine akiangalia kioo cha pembeni. Katika mteremko kama huu breki hazikanyagwi moja kwa moja, kwa sababu hupata moto na kuishiwa nguvu. Dereva hushusha gia na kuiachia injini izuie, akigusa breki na kuachia, akigusa na kuachia.

Katikati ya mteremko lori refu likatupita. Lori likipita hulisukuma trela kwanza, kisha hulivuta, na wakati uleule upepo ukapiga kutoka upande wa pili. Kiooni tukaona mkia wa trela unakwenda kushoto, ukarudi kulia, ukarudi tena kushoto. Silika humwambia mtu akanyage breki kwa nguvu, na hilo ndilo linaloangusha. Inatakiwa mguu uondoke kwenye mafuta, usukani ushikwe sawa bila kuhangaika nao, na breki za trela peke yake zifinywe kwa mkono, kwa kitufe kilicho karibu na usukani, ili trela ndilo lirudi nyuma na kujinyoosha. Mambo hayo matatu yakafanywa. Trela likayumba mara ya mwisho, likatulia. Ndani ya gari hakuna aliyetamka neno ila Mama, aliyekuwa amefumba macho akileta uradi wake, na alipoyafumbua akasema tu, "Farumi imekaa."

Carolina mbili tulizimaliza bila kisa. Jioni ya pili baridi ilikuwa imevunjika. Tuliposafisha mabomba na maji ya kweli yakatoka, mtoto wetu wa miaka sita alinawa mikono mara nne. Siku ya tatu tuliifuata I-95 katika pwani ya Georgia, penye mialo ya matope na majani marefu ya maji ya chumvi, na Mama akauliza kwa nini pananukia kama Lamu maji yakitoka. Karibu na mji wa Darien tukasimama kusali Adhuhuri na Alasiri, tukizikusanya na kuzikusuru. Ng'ambo ya maji kutoka hapo kiko kisiwa cha Sapelo, ambako katika karne ya 19 aliishi mtumwa Mwislamu aliyeitwa Bilali, mzaliwa wa Futa Jallon huko Afrika Magharibi. Aliacha kijitabu alichokiandika kwa mkono wake, kwa Kiarabu, juu ya udhu na sala, na leo kinahifadhiwa na Chuo Kikuu cha Georgia. Tulipomweleza Mama habari hiyo aliuliza jina la baba yake Bilali. Hatukuwa na la kumjibu, akasema basi tumrehemu kwa jina lake mwenyewe.

Tulipiga kambi katika hifadhi ya Blue Spring, kaskazini mwa Orlando. Humo mna chemchemi inayotoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 22, kiangazi na baridi, kisha maji yake huingia mto St. Johns. Mto ukipoa, wanyama waitwao manatee, ndugu wa nguva wetu, huukimbia na kujazana katika chemchemi kwa mamia, kwa sababu hawavumilii maji ya chini ya nyuzi 20 kwa muda mrefu. Wakati huo binadamu haruhusiwi kuogelea humo. Hutazama kutoka kwenye ujia wa mbao.

Mama alimwona nguva mara moja maishani, utotoni, pwani ya Kiwayu, amekufa ndani ya jarife. Hapa alisimama kwenye ujia ule asubuhi nzima, bakora mkononi, bila buti za theluji wala koti. Wa kwanza aliyepita chini yetu akamtazama sana, akatwambia, "Huyu si nguva wetu. Mkia wa nguva una panda mbili, huyu mkia wake ni kama kasia." Ni kweli, na ndiyo tofauti ambayo wataalamu hutaja kwanza. Aliwahesabu hadi 74, akaghadhibika mtoto mmoja wa kigeni alipomchanganya, akaanza upya. Kwa siku nane alizungumza kuliko alivyozungumza miezi mingi ya nyuma.

Jirani zetu kambini walikuwa mume na mke wazee kutoka Michigan. Mama aliwapelekea mahamri na mbaazi, nao wakaja kushukuru. Akatutaka tuwatafsirie swali: nyumba yao wamemwachia nani? Wakasema wamefunga maji na kumpa jirani ufunguo. Wamefanya hivyo kila Novemba kwa miaka kumi na moja, na Aprili hurudi. Mama akanyamaza kitambo, kisha, walipokwisha kuondoka, akalifungua yeye mwenyewe lile shauri letu.

"Hawa wanafuata msimu," akasema. "Wazee wetu walikuja na kaskazi wakarudi na kusi, na hakuna aliyewauliza kama wamehama. Ninyi mnabishana nikae au nirudi. Nipelekeni Lamu kila kaskazi ikianza, na theluji ikishayeyuka nileteni. Nimekuja Marekani kuwaona wajukuu, sikuja kutazama barafu."

Sisi wawili tulitazamana. Miaka miwili tulikuwa tumelitengeneza jambo hili kuwa mawili, na kila mmoja wetu alikuwa na lake. Kijana mkubwa alikubali kwa taabu. Binti yetu alilia, akasema bila Bibi trela halina maana, na usiku ule alilala kitanda kimoja naye. Gharama ya tiketi kila mwaka si ndogo, na tumekubaliana na ndugu zetu wa Lamu kuigawana.

Safari ya kurudi ilikuwa baridi na fupi kwa maneno. Usiku wa mwisho kabla ya milima tulijaza tena mabomba ile dawa ya waridi, lita kumi hivi. Fancy Gap, kwa anayetoka kusini, ni kupanda, na injini ililalamika lakini mkia ulitulia.

Tiketi ya Mama ya Novemba imekwisha kukatwa. Nafasi ya Desemba huko Blue Spring nayo tumeiweka, maana wasio wakaazi wa Florida huruhusiwa miezi 10 kabla, wakaazi wakiwa wametangulia kwa mwezi mmoja, na nafasi huisha upesi. Yeye hatakuwapo. Wiki iliyopita aliomba karatasi na kalamu, akaandika kwa hati za Kiarabu mahali pa kila kitu: mchele, madumu, sufuria, nguo. Tumeibandika ndani ya mlango wa kabati la trela. Mstari wa mwisho, aliouandika kwa herufi kubwa kuliko mingine, unasema baiskeli zisitundikwe tezi.