Ekseli ya Nyuma

Gari lipitapo njiani, watu husifu rangi yake, umbo lake na ngurumo ya injini yake. Ni nadra kumsikia mtu akiisifu ekseli ya nyuma. Nayo imejificha uvunguni, imepakwa tope na vumbi, wala haina sauti ila siku inapougua. Walakini, msomaji wangu, katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu yote ya injini hupita humo kabla ya kufika ardhini. Basi tuchungulie pamoja ndani ya lile bonge la chuma la katikati, ambalo mafundi wetu wa Kisii na Nyamira huliita difu.

Difu ina kazi tatu. Kwanza, hupokea mzunguko wa shafti iliyolala kwa urefu wa gari, ikaugeuza upande ili uyafikie magurudumu. Pili, hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Gia ndogo ya shafti ikiwa na meno 9, na gia kubwa ya ekseli meno 37, shafti lazima izunguke mara 4.11 ili gurudumu lizunguke mara moja. Meno yakiwa 13 kwa 40, shafti huzunguka mara 3.08 tu. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua tabia ya gari. Lenye 4.11 hupanda mlima kwa moyo mkunjufu, lakini kwenye tambarare injini yake huzunguka theluthi moja zaidi ya ile yenye 3.08 kwa mwendo ule ule, ikala mafuta na kupiga kelele. Lenye 3.08 hukimbia kwa utulivu, lakini mlimani hutweta.

Kazi ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi. Zingatia gari linalogeuka kwenye kona za vilima vya Manga. Magurudumu yake yakiwa yameachana mita 1.4, na gari likigeuka nusu duara, gurudumu la nje husafiri mita 4.4 zaidi ya la ndani. Kama yangefungwa pamoja kwenye chuma kimoja, moja lingeburutwa na mpira ungelika upesi. Katika miaka ya 1820 Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, alibuni kwa ajili ya gari la mvuke mpango wa gia ndogo zinazoyaruhusu magurudumu mawili kutofautiana mwendo huku yakisukumwa na injini moja. Mpango huo ungali katika magari yetu hata leo.

Kila hekima ina upungufu wake. Difu ya kawaida huyagawia magurudumu mawili nguvu sawasawa, na usawa huo hupimwa kwa yule aliye dhaifu. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi, lisipoweza kushika ila nguvu kidogo, la pili lililo kwenye ardhi ngumu nalo hupewa kidogo hicho hicho. La utelezini huzunguka kwa kasi maradufu, na lenzake husimama kimya.

Jambo hili nililishuhudia wakati wa masika, katika barabara ya udongo ya Nyamira. Pikapu iliyobeba majani mabichi ya chai ilikwama kwenye tope. Msomaji anayetoka katika shamba la chai ajua hatari yake: majani yaliyoshindiliwa hupata joto na kuharibika, na kiwanda huyakataa. Jasho la jamaa kadhaa lilikuwa limo garini. Dereva alizidi kukanyaga mafuta, na gurudumu la kushoto likazidi kujichimbia kaburi. Watu wakasukuma, wakachoka. Ndipo mzee mmoja fundi, ambaye nguo zake zilikuwa nyeusi kwa oili, akaniambia, “Mwalimu, mwambie kijana aache kukanyaga. Gurudumu la kulia halina kosa. Msaidieni huyu asiye na pa kushika.” Tukachimbua tope, tukatia mawe na matawi chini ya gurudumu la kushoto. Dereva akaondoa gari polepole, nalo likatoka. Nilikuwa nimesoma kanuni za nguvu chuoni, lakini sikuwahi kuzisikia zikielezwa kwa maneno machache na ya kweli kama yale.

Waundaji wa magari walitafuta dawa ya udhaifu huo. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, yalitokea magari ya injini kubwa yaliyopendwa na vijana kwa mashindano ya mbio fupi. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na injini ya lita 6.4. Mnunuzi aliweza kuchagua hesabu ya meno ya ekseli, na pia kuomba difu yenye sahani za msuguano, ambazo hulizuia gurudumu moja lisikimbie peke yake, ili lenzake lipate sehemu ya nguvu. Trekta nazo huwa na kifaa cha kuifunga difu kabisa. Dereva hukitumia kwenye tope, akakifungua kabla ya kupiga kona. Wako watu wanaoichomelea difu ili ifungwe daima. Hao huyatatua mashaka ya siku moja kwa kununua mashaka ya mwaka mzima: mipira hulika, shafti hukatika, na gari hukataa kona.

Je, ekseli ipi ndiyo bora? Swali hilo halina jibu mpaka useme njia ni ipi. Peugeot 404, yenye injini ya lita 1.6 tu, ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ekseli yake ilikuwa na gia ya mtindo wa parafujo, tofauti na magari mengi ya wakati wake. Haikuundwa kwa mbio fupi za lami, bali tope na mawe yetu hayakuishinda.

Kwa hiyo, kijana msomaji, usimdharau mtu mwenye oili mikononi. Huenda akawa na elimu ambayo kitabu chako hakijakufikishia. Pima nguvu zako kwa njia unayoiendea, si kwa ngurumo zake. Na mahali popote mnapovuta mzigo pamoja, darasani au nyumbani, mwendo ukisimama usikimbilie kumhimiza aliye imara. Tazama ni nani aliye kwenye utelezi, ukamtilie jiwe chini ya mguu wake.