Nilipokwenda Bagamoyo na Kalamu Nyekundu

Nilikwenda Bagamoyo na kalamu nyekundu. Kikundi kidogo cha maigizo, watu saba kwa hesabu, kilikuwa kikijiandaa kuisoma jukwaani *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, nami niliombwa niwe mwangalizi wa lugha. Nilikubali kabla ombi halijamalizika. Mimi ni mtu wa Mrima. Nimekulia chuoni na penye tenzi, na tangu utotoni nimekuwa nikiambiwa kwamba ulimi wangu ni safi. Mtu akiambiwa hivyo mara nyingi, huishia kuamini kwamba usafi huo ameuchuma kwa jasho lake.

Usomaji wa jukwaani ni sanaa ya wasio na fedha nyingi. Hakuna maleba, hakuna mapambo ya jukwaa, hakuna taa za rangi. Waigizaji huketi juu ya viti au mkeka, maandiko mikononi, na husimama yule ambaye zamu yake ya kusema imefika. Mmoja husoma maelekezo: nani anaingia, nani anatoka, giza linaingia wakati gani. Ngoma moja hutosha. Kila kilichoondolewa huiachia sauti nafasi, na sauti isipoweza kuijaza nafasi hiyo, hadhira huanza kutazama simu zake.

Wapo wanaodhani kwamba sanaa hii ni ngeni kwetu. Siafikiani nao. Hapa pwani, kusoma hakujapata kuwa kazi ya macho peke yake. Maulidi husomwa kwa dufu na kwa miili inayoyumba pamoja. Utenzi husomwa kwa sauti, na wenye masikio hukaa kimya wakingoja kina kiangukie mahali pake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyezitungia utenzi vita vya Wadachi na watu wa Mrima, hakumtungia mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kitabu chake. Kwa hiyo nilipowakuta watu saba chini ya mwembe, kila mmoja na makaratasi yake yaliyotolewa nakala hadi herufi zikafifia, niliona jambo ninalolijua.

Niwataje kwa kazi zao, kwa kuwa majina ni yao wenyewe. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aliyesoma Chuo cha Sanaa katika miaka yake ya mwanzo. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981, na leo tunakijua kwa jina la TaSUBa. Sasa ana wajukuu, na asubuhi huuza vitumbua. Yeye alipewa sauti ya Bibi Kitunda. Maelekezo yalisomwa na mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kisukuma, aliyeyasoma kwa utulivu wa mtu anayeita majina darasani. Ngoma ilipigwa na mchonga vinyago wa Kimakonde ambaye hakuwa na neno hata moja la kusema katika mchezo mzima, lakini hakukosa hata zoezi moja. Wawili walikuwa ndugu, wavuvi, waliogawana askari, wanyapara na wazee wote. Dada mmoja mshonaji alisoma Bibi Kinjeketile. Kinjeketile mwenyewe alipewa kijana dereva wa bodaboda, Mmatumbi kutoka milima ya Kilwa, si mbali na Nandete, mahali ambapo Julai 1905 watu waling'oa pamba na vita vya Majimaji vikaanza.

Nilianza naye. Penye *dh* yeye alitamka *z*. Penye *th*, *s*. Penye *gh*, *g*. Hata neno *tamthilia* kwake lilikuwa *tamsilia*. Kila nilipolisikia kosa, nililizungushia duara jekundu katika nakala yake. Siku ya pili, karatasi zake zilikuwa kama zimeumwa na siafu. Siku ya tatu nilimfundisha namna ya kuuweka ulimi kati ya meno. Alikuwa msikivu, hakunipinga wala hakununa. Ila sauti yake ilianza kupungua. Siku ya kwanza Kinjeketile wake alikuwa mtu aliyetoka majini na habari nzito. Siku ya nne alikuwa mwanafunzi anayepita katika shimo la maneno akichagua pa kukanyaga.

Mama wa vitumbua ndiye aliyesimamisha zoezi. Aliliweka andiko lake mapajani, akanitazama.

"Mwalimu, samahani. Kijana huyu hasomi mchezo tena. Anasoma kalamu yako."

Nilimjibu kwa yale niliyozoea kuyajibu: kwamba lugha ina kanuni, kwamba jukwaa ni shule ya umma, kwamba tukilegeza hapa tutalegeza kila mahali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza, "Hao waliokwenda kunywa maji kule Rufiji, Mwalimu, walikuwa na *dh*?"

Wenzake walicheka. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikaa kibarazani nikaifungua *Kinjeketile*, safari hii bila kalamu. Mwandishi ni mtu wa Kilwa, na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1969, kinasimulia jinsi watu wa makabila mbalimbali, wenye lugha zao na uhasama wao, walivyoletwa pamoja na habari moja: maji. Hussein amewapa wote Kiswahili. Wamatumbi, Wangindo, Wakichi na wengineo wanasemezana kwa lugha moja, kwa sababu jukwaa la taifa jipya lilihitaji lugha moja. Lakini Kinjeketile Ngwale wa historia, yule aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905, alikuwa mtu wa Ngarambe. Hakusomea chuoni kwangu. Kama alisema Kiswahili, alikisema kwa koo la kwao. Katika watu wote wa kikundi kile, aliyekuwa karibu zaidi na koo hilo ni dereva wa bodaboda. Nami nilikuwa nimetumia siku nne kumwondolea koo hilo, nimpe langu.

Nikaifikiria Bagamoyo yenyewe. Sisi wa pwani hupenda kusema kwamba mji huu ni wetu, na wanaotoka bara ni wageni. Lakini msomaji wake mkubwa kuliko wote, Sheikh Ramiya, ambaye zikri na maulidi yake yaliwavuta watu kutoka mbali, aliletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria katika mji huu, na waungwana walikuwa wameketi miguuni pake. Na mwanamuziki aliyelipeleka jina la Bagamoyo duniani kwa ilimba na zeze, Hukwe Zawose, alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyeishi na kufundisha hapa hadi alipofariki mwaka 2003. Chuo cha Sanaa nacho kimekuwa kikipokea vijana kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na lafudhi yake. Sauti inayoitwa ya Bagamoyo imetengenezwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliofika.

Sitaki kudanganya: sikuitupa kalamu. Yako makosa ambayo hayana haki ya kuachwa. *Dhana* ikigeuka *zana*, wazo limekuwa jembe. *Thamani* ikigeuka *samani*, utu wa mtu umekuwa kabati. Panapovunjika maana, mwangalizi wa lugha asipopiga kelele hana kazi. Lakini nilipohesabu maduara yangu, machache mno yalikuwa ya namna hiyo. Mengine yote yalikuwa yanasema jambo moja tu: huyu si mtu wa kwetu. Nilikuwa nimeliita jambo hilo usanifu.

Asubuhi nilimpa kijana nakala mpya, isiyo na alama. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja akaitia mfukoni.

Usomaji ulifanyika Jumamosi jioni, uani mwa nyumba moja kongwe, mbele ya watu kama arobaini. Walikuwapo wanafunzi wa sanaa, wauza samaki waliotoka sokoni, na wazee wawili waliokuja kwa sababu walisikia ngoma. Mchonga vinyago alipiga taratibu sana, kwa viganja tu. Mama wa vitumbua alipoilalamikia njaa, sauti yake haikupanda hata mara moja, na wanawake waliokuwa mbele yangu waliacha kunong'ona. Binti wa Kisukuma alisoma kwamba giza linaingia, na kwa kuwa jua nalo lilikuwa linazama, hapakuwa na aliyehitaji taa ili aamini.

Katika tamthilia hiyo, Kinjeketile anatambua kwamba neno alilolitoa si lake tena. Watu wamelichukua, wamelikuza, wanakwenda kufa kwa ajili yake, wala hawezi kulirudisha kinywani. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri huko kutavifikia vizazi ambavyo bado havijazaliwa. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi na hata kulifundisha, lakini sikuwahi kulisikia.

Kijana alilifunga andiko. Hakulihitaji. Aliongea kama anavyoongea nyumbani kwao, kwa *z* zake na *s* zake, polepole, kama mtu anayehesabu fedha ya mwisho aliyonayo. Mmoja wa wale wazee wawili aliitikia "Eee", bila kujua ameitikia kwa sauti. Mita chache kutoka pale, ufukweni, ipo kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani katika mji huu. Nimepita hapo tangu utotoni. Jioni ile ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza kwamba watu wale nao walikuwa na lafudhi.

Sisi washairi huamini kwamba shairi huisha tunapotia nukta ya mwisho. Tunahesabu mizani, tunapatanisha vina, tunatia sahihi. Kikundi kile kilinionyesha kwamba kazi iliyoandikwa bado ina watu wa kuingoja: anayeipigia ngoma bila kusema neno, anayesoma maelekezo asiyepigiwa makofi, mama anayejua lini anyamaze. Hao ndio wanaoamua iwapo neno litafika.

Watu walipotawanyika nilikwenda kumpongeza kijana. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki yake. Abiria alikuwa keshasubiri. Alitoa mfukoni kurasa mbili za nakala ya zamani, zile zenye maduara, akanionyesha moja.

"Hili la *dhana* ulisahihisha vizuri, Mwalimu. Nimelishika," alisema, na *dh* yake ilikuwa safi kama yangu. Kisha akaikunja karatasi. "Haya mengine niliyaacha."

Akawasha pikipiki, akaondoka na abiria wake.