Mechi Sita za Mwisho

Usiku ule nilikuwa napanga jedwali. Kwenye dawati la michezo hiyo ni kazi ya aliyechelewa kuondoka: orodha ya washindi wa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, yaani mwaka, jina, klabu, magoli. Unaandika, unahakiki, unaenda zako kulala. 1984, Ian Rush, Liverpool, 32. 1985, Fernando Gomes, Porto, 39. 1986, Marco van Basten, Ajax, 37. Majina hayo nayajua kama ya wajomba zangu. Halafu 1987: Rodion Cămătaru, Dinamo București, 44.

Nikakwama hapo. Arobaini na nne? Na huyu ni nani?

Nikamuuliza mhariri wangu, mzee aliyeanza kazi hii enzi za taipureta. Hakuinua hata kichwa. "Huyo ni wa mechi sita za mwisho," akasema. "Kasome kwanza, halafu uje uniambie utamwandikaje."

Niseme ukweli, Romania nilikuwa naijua kwa mbali. Kwa rika langu Romania ni Gheorghe Hagi na mguu wake wa kushoto, Kombe la Dunia 1994. Kwa baba yangu Romania ni timu iliyopigwa mbili na Roger Milla kule Bari, tarehe 14 Juni 1990, Kameruni ikashinda 2–1 na mzee wa watu akaenda kukata kiuno kwenye kibendera cha kona. Ligi yao wenyewe, ile iliyowalea kina Hagi, sikuwahi kuiwazia. Nikaanza kusoma saa nne usiku, na mpaka mlinzi anakuja kuuliza kama nafunga ofisi, nilikuwa bado nasoma.

Msimu wa 1986–87 huwezi kuuelewa bila kuanza na tarehe 7 Mei 1986, mjini Sevilla. Steaua București ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Barcelona, ndani ya Hispania. Dakika 120, 0–0. Zikaja penalti, na kipa Helmuth Duckadam akaokoa zote nne za Barcelona. Zote nne! Wenzake wawili nao walikosa, lakini Lăcătuș na Balint wakafunga, ikawa 2–0. Hakuna klabu ya Ulaya Mashariki iliyokuwa imewahi kulibeba kombe lile.

Sasa, Steaua ilikuwa timu ya jeshi. Mpinzani wake wa mjini, Dinamo, ilikuwa timu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, maana yake polisi, na nyuma ya polisi kulikuwa na Securitate, ile idara ya usalama ambayo watu waliiogopa hata wakiwa vyumbani mwao. Kama haitoshi, Valentin, mtoto wa Rais Nicolae Ceaușescu, alikuwa karibu mno na Steaua. Kwa hiyo Steaua ikikutana na Dinamo hazikuwa klabu mbili tu zinazogombea pointi. Zilikuwa ofisi mbili za serikali, kila moja na watu wake, na kila moja ikitaka kuonekana.

Nje ya uwanja nchi ilikuwa gizani. Ceaușescu alikuwa ameamua kulipa deni lote la nje, na wananchi ndio waliolilipa: chakula kikauzwa nje ya nchi, umeme ukawa wa mgawo, nyumba zikawa baridi, na televisheni ya taifa ikabaki na matangazo ya kama saa mbili kwa siku. Katika nchi ya namna hiyo mpira unabeba mzigo usio wake. Mtu aliyekosa nyama dukani anataka angalau akute goli uwanjani. Na wakubwa wanalijua hilo.

Steaua ilichukua ubingwa wa 1986–87 bila kupoteza mechi hata moja. Huo ulikuwa mwanzo tu, kwa sababu timu ile ilikuja kucheza mechi 104 za ligi bila kufungwa, tangu 1986 hadi 1989. Dinamo ilimaliza ya pili. Ubingwa hakuna, na jirani yako amewekwa kwenye kabati moja na Real Madrid na Liverpool. Unabaki na nini? Wamebaki na mshambuliaji wao, na kiatu.

Hapa naomba tuelewane. Cămătaru hakuwa mtu wa kuokotwa. Alizaliwa 1958 Strehaia, akakulia kisoka Universitatea Craiova, mshambuliaji wa kati mwenye mwili. Akiwa na Craiova alibeba ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1980 na 1981, na mwaka 1983 walifika nusu fainali ya Kombe la UEFA wakatolewa na Benfica kwa kanuni ya goli la ugenini. Alipohamia Dinamo mwaka 1986 alikuwa na miaka 28, umri ambao mshambuliaji anajua kila anachokifanya.

Na alikuwa anafunga. Fanya hesabu nami. Magoli yake yote msimu ule ni 44, na kati ya hayo yapata 20 aliyafunga katika mechi sita za mwisho. Toa 20 kwenye 44, inabaki 24. Magoli 24 katika mechi zaidi ya 25 ni karibu goli moja kila mechi. Kocha yeyote duniani angelipokea hilo na kushukuru. Halafu, ghafla, mtu huyohuyo anaanza kufunga zaidi ya matatu kila mechi, wiki baada ya wiki, mpaka ligi inakwisha. Kule Vienna, Toni Polster wa Austria Wien alikuwa na 39 na alikuwa anasubiri kuitwa mfalme. Akapitwa kwa matano.

Sina ushahidi wa kumtia mtu hatiani, na kwa namna nchi ile ilivyokuwa, mchezaji anaweza kuwa wa mwisho kujua kinachopangwa juu ya mgongo wake. Lakini Ulaya nzima ilinung'unika. Polster aliona ameporwa, na hakuficha. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, mambo yakaangaliwa upya, na Polster naye akapewa Kiatu cha Dhahabu cha 1987. Cămătaru akaachiwa cha kwake. Kwa hiyo mwaka ule una viatu viwili, na jedwali langu lilikuwa na mstari mmoja.

Nilipoendelea kusoma nikakuta jambo jingine lililonisumbua zaidi. Dinamo ina viatu vinne vya dhahabu. Dudu Georgescu alichukua viwili, 1975 kwa magoli 33 na 1977 kwa magoli 47. Kisha Cămătaru. Kisha Dorin Mateuț, 1989, magoli 43, na huyu hata hakuwa mshambuliaji wa kati, alikuwa kiungo. Je, wote walibebwa? Sijui, na sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba nilipofika kwa Georgescu nilikuwa tayari nimekunja uso. Miaka kumi kabla ya Cămătaru! Kosa lake nini? Lakini shaka haina adabu, ikishaingia nyumbani haichagui chumba.

Na kulikuwa na mahali pa kuilisha shaka hiyo. Mwaka 1978, katika daraja la tatu, timu ya Scornicești, kijiji alikozaliwa Ceaușescu, ilimaliza msimu kwa kushinda 18–0 na kupanda daraja. Mwaka uliofuata ikapanda tena, ikawa ligi kuu, FC Olt, na kijiji kikapata uwanja wa maelfu ya watu. Ilikaa huko juu miaka kumi. Januari 1990, wiki chache baada ya Rais na mkewe kupigwa risasi, FC Olt iliondolewa kwenye ligi katikati ya msimu. Timu iliishi kadiri mtu mmoja alivyoishi.

Kumi na nane kwa bila. Nilipoisoma namba hiyo nilifunga kompyuta.

Miaka kadhaa kabla ya usiku ule nilikuwa mwandishi wa mkoani, ninayelipwa kwa habari moja moja. Siku ya mwisho ya ligi ya mkoa, timu moja ilihitaji kushinda kwa tofauti ya magoli saba ili ipande. Hadi mapumziko ilikuwa 1–0. Mechi ikaisha 8–0. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao pembeni kabisa ya uwanja, nikaona kila kitu. Niliona beki akiinama kufunga kamba za viatu huku mpira unampita. Niliona kipa akicheka. Kijana mmoja, mshambuliaji mwembamba wa timu iliyoshinda, alifunga matano peke yake. Baada ya mechi kiongozi mmoja akanipa bahasha, akasema "ya nauli, mwandishi." Ilikuwa elfu ishirini. Nauli yangu ilikuwa elfu mbili.

Niliandika kwamba timu hiyo imeua 8–0 na kupanda daraja, na kwamba mshambuliaji wake hatari amemaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa magoli 16. Yote kweli. Magoli manane yaliingia, niliyahesabu kwa macho yangu. Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba sikuandika uongo, na kwa kweli hakuna sentensi ungeweza kuikata ukasema hii ni ya uongo.

Asubuhi nilimpelekea mhariri jedwali. Mstari wa 1987 ulikuwa na majina mawili, Cămătaru 44 na Polster 39. Akasoma, akatikisa kichwa kukubali, hakusema kitu. Nami sikumwambia kilichokuwa kinanikaa kooni.

Nilipopata likizo nikaenda nyumbani, nikamtafuta yule kijana. Si kijana tena. Anachomelea mageti na madirisha, ana karakana yake ndogo karibu na stendi. Alinikumbuka mara moja. Tukakaa kwenye kibanda cha chai, na nilipomweleza kilichonipeleka, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kaka, kwani mimi nilifunga mangapi mwaka ule?"

"Kumi na sita," nikasema.

"Kumi na moja," akasema. "Ya kwangu yalikuwa kumi na moja. Wewe ndiye uliyeandika kumi na sita."

Nikamuuliza kama aliambiwa kabla. Akasema hapana, aliambiwa tu wakati wa mapumziko akae karibu na goli. "Mpira ukawa unakuja. Ungekuwa wewe usingepiga?"

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Msimu uliofuata alikwenda kwenye majaribio ya timu mbili kubwa kidogo, amebeba kipande changu cha gazeti, amekikunja ndani ya bahasha safi. Kocha wa kwanza alikisoma, akamtazama, akauliza, "Wewe ndiye wa zile nane?" Watu wakacheka. Kwa kocha wa pili hakukitoa kabisa. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu yale kumi na moja," akasema. "Hata mmoja. Mmeyazika pamoja."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Siku zote nilidhani aliyeibiwa mwaka 1987 ni Toni Polster. Kweli aliibiwa, lakini Polster alirudishiwa kiatu chake. Cămătaru nani atamrudishia yale 24? Yale aliyoyafunga mabeki wakiwa bado wanakaba, kwenye majira ya baridi, akirukia mipira ya vichwa kati ya watu wawili? Leo ukilitaja jina lake mbele ya wapenzi wa soka la Ulaya Mashariki, wanakuambia mechi sita za mwisho, kama mhariri wangu alivyoniambia bila kuinua kichwa. Alikuwa mchezaji mzuri muda mrefu kabla ya hizo mechi sita, akaenda kucheza Ubelgiji na Uholanzi baada yake, lakini wiki chache za magoli rahisi zimekaa juu ya maisha yake yote ya soka. Waliomzawadia ndio waliomfilisi.

Na wanaoandika majedwali, mimi nikiwemo, tuna sehemu yetu. Tuliandika namba tukaona tumemaliza.

Nikamuuliza yule fundi kama angependa niandike tena, nirekebishe. Akafikiri. Akasema kuhusu zile nane nisihangaike, kila mtu pale mjini anazijua. "Andika yale kumi na moja."

Nikatoa daftari. Anayakumbuka yote, na kila moja lina uwanja wake na timu yake. La kwanza lilikuwa la kichwa, mvua imenyesha tangu asubuhi, goli la upande wa shule limejaa tope, na kona ilipigwa na beki wa kushoto ambaye sasa ni dereva wa lori. Akasimama pale kibandani kunionyesha alivyoruka. Muuza chai akasogeza birika.

"La pili," akasema, "subiri, hilo lilikuwa zuri zaidi."