Hesabu ya Kuazima

Siku moja, hapa Uganda, nilikuwa nikifundisha kuhesabu. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, ikiwa sita, saba na tisa ni za Waarabu, Kiswahili chenyewe ki wapi?" Darasa likaangua kicheko. Badala ya kumjibu, nilimwamuru aketi. Jioni ile sikupata raha, kwani nilijua kuwa nimemnyamazisha kwa kukosa jibu.

Walimu wenzangu, jibu nililikuta mbali, katika lugha ya Waromani wa Ulaya. Wahenga wao walitoka Bara Hindi yapata miaka elfu moja iliyopita, wala hawakuacha kitabu cha safari yao. Wengi huko Ulaya waliwadhania Wamisri. Mwaka 1782 mtaalamu wa Kijerumani, Johann Rüdiger, aliyalinganisha maneno aliyoyasikia kwa mwanamke mmoja wa Kiromani na yale ya Kihindustani, asili ikadhihirika. Hata Kisanskriti, lugha kongwe ya Bara Hindi, chashuhudia: jicho ni "akshi", kwa Kiromani "yakh", jino ni "danta", kwa Kiromani "dand", mtu ni "manushya", kwa Kiromani "manush".

Tazama sasa hesabu yao. Mbili ni "duj", tatu "trin", tano "panj": zote za Bara Hindi. Lakini saba ni "efta", nane "okhto", tisa "enja", nazo ni za Kiyunani, walizozipata walipokaa katika dola ya Bizanti. Kiajemi kiliwapa "bakht", ambayo ni ndugu ya bahati yetu. Pamoja na hayo, hapana mtaalamu asemaye kuwa Kiromani ni Kiyunani. Maneno yale ya asili ndiyo mizizi. Ya kuazima ni kumbukumbu za njiani.

Ndivyo kilivyo na Kiswahili. Mbili, tatu na nane ni za Kibantu. Mganda husema bbiri, ssatu, munaana. Sita, saba na tisa zatusimulia habari za pwani na biashara yake.

Baada ya majuma kadhaa nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake, kisha nikaziandika ubaoni hesabu zote tatu. Alizitazama kitambo, akauliza: "Na kumi yao, Mwalimu?"

"Ni 'desh', mwanangu. Ya kwao Bara Hindi, kama kumi yetu na kkumi ya Waganda zilivyo za kwetu."

Akaketi, akaanza kunakili.