Njia ya Mulongo: Mama, Usinyamaze Nyuma ya Manseba



Juzi nilitoka hapa Malemba-Nkulu kwenda Mulongo kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Sisi wenyeji wa Lualaba tunajua safari zetu: mtoni ni pirogi, nchi kavu ni pikipiki ya manseba. Kwa Kiluba manseba ni mjomba, ndugu ya mama. Labda ndiyo sababu tunapanda nyuma yake na kunyamaza kama watoto wenye adabu.

Mwaka jana nilinyamaza. Dereva alikimbia mno kwenye mchanga, kitenge changu kikanaswa na mnyororo, nikavutwa mpaka chini. Alama iko mguuni hadi leo. Niliona haya kumwambia apunguze mwendo, mimi ninayepaza sauti kila siku mbele ya wanafunzi hamsini!

Safari hii tulipatana kabla ya kuondoka. Alitaka kumpakia mama mwingine pamoja na mfuko wa samaki. Nikamwambia, "Ndugu, ni mimi na wewe tu." Akanionyesha breki na matairi. Nilivaa suruali, kitenge nikakikunja ndani ya mfuko. Nilipanda kwa upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi liko kuume nalo linaunguza. Nikaketi mguu huku na mguu huku, kofia ya pikipiki imefungwa chini ya kidevu.

Baada ya nyumba za mwisho mchanga ulianza. Alipunguza mwendo kabla ya kuingia, akashika gia ndogo, akatoa gesi polepole bila kukatiza. Breki ya mbele hakuigusa, maana kwenye mchanga gurudumu la mbele likibanwa, pikipiki inalala. Mimi nilijiachia kuinama pamoja naye, si kuvutana naye.

Tukafika kwenye kijito kilichojaa. Alitaka kupita moja kwa moja. Nikasema, "Simamisha." Nikashuka. Akaingia kwa miguu na fimbo, akakuta shimo katikati, maji yakimpita magoti. Tukatafuta mahali pengine. Alivuka peke yake na pikipiki, nami nikavuka kwa miguu, viatu mkononi. Tulipoteza dakika kumi tu.

"Mama mwalimu," akaniambia akicheka, "abiria wengine wananigombeza nikienda polepole."

Neno hilo lilinichoma. Ni kweli, mara nyingi ni sisi tunaosema "haraka, soko linaisha", halafu akianguka tunamlaumu peke yake.

Basi wamama, tukumbushane. Mtoto asiketishwe mbele juu ya tanki. Dereva aliyekunywa tusimpande, hata kama ni wa jamaa. Tusione haya kushuka penye tope, maji au mteremko mkali. Na kofia si pambo: Shirika la Afya Duniani linasema kofia nzuri inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 70%. Bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini likelemba yetu inaweza kununua moja, kila mwenye safari akaazima.

Mdogo wangu aliponiona mlangoni na matope mpaka magotini, alicheka sana. Kisha akanipa mtoto nimbebe. Nilimbeba kwa mikono yote miwili.